Orodha za miji ghali duniani: zinapima maisha ya nani?

Kila mwaka hutoka orodha za miji iliyo ghali zaidi duniani kwa mgeni kuishi. Ile ya kampuni ya Mercer kwa kawaida hutoka katikati ya mwaka, na ile ya Economist Intelligence Unit hutoka mwaka ukikaribia kwisha. Magazeti na redio huziripoti kwa mistari michache: Hong Kong imeongoza, Lagos imeporomoka, Nairobi iko nafasi fulani. Baada ya hapo habari hupita.

Hapa Pwani habari hizo zina wasomaji wa aina mbili wanaozitilia maanani. Wa kwanza ni kijana wa Kisauni, Ukunda au Malindi aliyepata ofa ya kazi Doha au Dubai, anayetaka kujua kama mshahara alioahidiwa utamtosha na kubaki cha kutuma nyumbani. Wa pili ni mwenye nyumba wa Nyali, Diani au Watamu anayepangisha wageni na kujiuliza atoze kiasi gani, tena kwa sarafu gani. Wote wawili wanaweza kuingia hasara wakizichukua orodha hizo kama zilivyo, kwa sababu hazikutengenezwa kwa ajili yao. Makala haya yanaeleza zinavyoundwa, kinachopandisha na kushusha mji, na hesabu ambayo kila anayesafiri kikazi anapaswa kuifanya mwenyewe.

Zilitengenezewa nani

Orodha ya Mercer ni chombo cha kazi cha makampuni makubwa na serikali zinazotuma wafanyakazi wao ng'ambo. Kampuni ya London ikimpeleka mhandisi wake Singapore kwa miaka mitatu, haitaki arudi nyuma kimaisha. Inahitaji kujua imwongezee marupurupu kiasi gani ili aishi kule kama alivyokuwa akiishi kwao: nyumba ya hadhi ileile, gari, chakula alichozoea, matembezi ya wikendi. Orodha inajibu swali hilo moja.

Umoja wa Mataifa una utaratibu wake unaofanana na huo. Wafanyakazi wa kimataifa walioko Gigiri, Nairobi, hulipwa mshahara wa msingi pamoja na nyongeza inayobadilika kulingana na gharama za kituo chao zikilinganishwa na New York. Wafanyakazi wa kuajiriwa hapahapa katika ngazi za huduma hulipwa kwa viwango vya Kenya, kwa shilingi. Watu wawili huweza kuwa katika jengo moja, wakanunua chai kwenye mkahawa mmoja, na gharama za maisha yao zikapimwa kwa vipimo viwili tofauti.

Zinapimwaje

Mercer hulinganisha miji zaidi ya 200. Katika kila mji hukusanya bei za vitu na huduma zaidi ya 200: kodi ya nyumba, usafiri, chakula, nguo, vifaa vya nyumbani na burudani. New York ndio mji wa msingi, na sarafu zote hupimwa dhidi ya dola ya Marekani. Economist Intelligence Unit nayo hutumia New York kama kipimo, ikiipa alama 100. Mji wenye alama 110 ni ghali kwa asilimia 10 kuliko New York, na wenye alama 60 ni nafuu kwa asilimia 40.

Tovuti ya Numbeo, iliyoanza mwaka 2009, hufanya kazi kwa njia nyingine. Bei huingizwa na watu wenyewe wanaoishi katika miji hiyo. Faida yake ni kwamba miji midogo huweza kuonekana humo. Kasoro yake ni kwamba mji ukiwa na wachangiaji wachache, bei wanazolipa watu hao wachache ndizo zinazogeuka kuwa bei za mji mzima. Ikiwa wote wananunua bidhaa kwenye supamaketi za Nyali, basi bei za Kongowea hazimo.

Kipimo kingine kinachotajwa sana ni kile cha jarida la The Economist kinacholinganisha bei ya Big Mac ya McDonald's kutoka nchi hadi nchi, kilichoanza mwaka 1986. Hicho hakitusaidii hapa, kwa kuwa Kenya haina mkahawa wa McDonald's.

Angalia kapu la vitu vinavyopimwa. Kwa mgeni aliyetumwa na kampuni, kapu hilo lina nyumba katika mtaa wenye ulinzi, petroli, tiketi ya sinema na kahawa ya mkahawani. Kapu la mwenyeji wa Mombasa ni tofauti: unga, mafuta ya kupikia, mahamri na mbaazi asubuhi, nauli ya matatu au tuktuk, tokeni za stima, na maji ya mkokoteni siku ambazo mifereji imekauka. Mtu wa Likoni anayevuka feri kwa miguu havuki kwa pesa. Jambo kubwa kama hilo katika bajeti yake haliingii kwenye orodha yoyote ya wageni.

Sarafu ndiyo hupandisha na kushusha

Wengi wakisikia mji umeshuka kwenye orodha hudhani maisha yamekuwa nafuu. Mara nyingi kilichoshuka ni sarafu.

Mfano ulio wazi ni Lagos. Nigeria iliiachia naira itafute thamani yake sokoni Juni 2023, nayo ikaporomoka. Katika orodha ya Mercer ya 2024, Lagos ilishuka nafasi 178 kwa mkupuo mmoja na kuwa miongoni mwa miji nafuu zaidi duniani, pamoja na Abuja na Islamabad. Mwaka huohuo mfumuko wa bei Nigeria ulipita asilimia 30. Mgeni mwenye dola alipata Lagos ya bei rahisi. Mwenyeji anayelipwa kwa naira alikuwa anakatwa mguu na bei ya mchele.

Kenya ilipitia hali kama hiyo kwa kiasi kidogo zaidi. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa takriban shilingi 113. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imepita 160. Chukua nyumba ya kodi ya shilingi 130,000 kwa mwezi ambayo mwenyewe hakupandisha bei wakati wote huo. Kwa mgeni anayelipwa kwa dola, nyumba hiyo ilitoka takriban dola 1,150 hadi karibu dola 810. Kwake Kenya ilikuwa inazidi kuwa nafuu. Kwetu, pakiti ya unga wa kilo mbili ilipita shilingi 200 katikati ya 2022, ushuru wa VAT kwa mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na petroli ikapita shilingi 200 kwa lita Septemba mwaka huo.

Kisha shilingi ikapata nguvu na kufika karibu 130 kwa dola kufikia katikati ya 2024. Nyumba ileile ikawa dola 1,000. Mgeni akaona Kenya imepanda bei, ilhali mwenye nyumba hakuongeza hata ndururu.

Kwa hivyo ukisoma kwamba mji umepanda au umeshuka, uliza kwanza sarafu yake imefanya nini mwaka huo.

Ghali kwa mgeni, si kwa mwenyeji

Luanda, mji mkuu wa Angola, uliongoza orodha ya Mercer mara kadhaa kati ya 2010 na 2017. Miji kama London na Tokyo iliachwa nyuma. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimalizika mwaka 2002, mafuta yakaleta makampuni ya kigeni, na wafanyakazi wao wakagombania nyumba chache zenye usalama, maji na umeme wa uhakika. Vyakula walivyozoea viliagizwa kutoka nje. Wakati huohuo sehemu kubwa ya wakaazi wa Luanda waliishi katika mitaa duni iitwayo musseques, kwa kipato ambacho kisingelipa hata wiki moja ya kodi ya mgeni. Mwaka 2018 Angola iliacha kuifunga kwanza kwa dola, sarafu ikashuka thamani, na mji nao ukashuka kwenye orodha.

Singapore ni mfano wa namna nyingine. Economist Intelligence Unit iliiweka juu kabisa mwaka 2022 pamoja na New York, na 2023 pamoja na Zurich. Sababu moja ni gari. Kule huwezi kusajili gari bila cheti maalumu kinachonunuliwa kwa mnada, kinachodumu miaka 10, na mwaka 2023 bei ya cheti hicho ilipita dola 100,000 za Singapore kabla hujanunua gari lenyewe. Mtu anayepanda treni na kula kwenye vibanda vya chakula vya umma hahusiki na gharama hiyo kabisa. Kodi ya nyumba itamuuma, lakini si kwa kiwango kinachotangazwa kwenye vichwa vya habari.

Gharama zinazojificha

Hata orodha ikiwa sahihi, haikwambii ni pesa gani zinatakiwa mkononi siku ya kwanza. Hapo ndipo wengi hukwama.

*Dubai.* Kodi ya nyumba huhesabiwa kwa mwaka na mara nyingi hulipwa kwa cheki chache zilizoandikwa tarehe za mbele. Juu yake kuna amana, ambayo kwa kawaida ni asilimia 5 ya kodi ya mwaka kwa nyumba tupu na asilimia 10 kwa yenye samani, kisha ada ya dalali na usajili wa mkataba unaoitwa Ejari. Kila mwezi bili ya maji na umeme huja na ada ya manispaa ya asilimia 5 ya kodi ya nyumba. Ndiyo maana wenye mishahara ya chini hupangisha kitanda ndani ya chumba cha watu kadhaa. Mshahara haukatwi ushuru wa mapato, na hilo ni jambo zuri, lakini watoto wa wageni kwa kawaida husoma shule za kulipia.

*Ujerumani.* Mwanafunzi anayeomba viza hutakiwa kuonyesha kwamba ana euro 11,904 za mwaka mmoja, yaani euro 992 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa Septemba 2024. Ukitafuta nyumba utakutana na kodi "baridi" na kodi "moto". Baridi ni ya nyumba peke yake, na moto ina kipasha joto na gharama nyingine ndani yake. Anayelinganisha kodi baridi ya Berlin na kodi ya Mombasa atajikuta amekosea hesabu mwezi wa kwanza. Amana huweza kufika kodi baridi ya miezi mitatu, na kila kaya hulipa euro 18.36 kwa mwezi za utangazaji wa umma, iwe na televisheni ama isiwe nayo.

*Uingereza.* Anayepewa viza ya kazi ya miaka kadhaa hulipa ada ya huduma ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka tangu Februari 2024, tena hulipa ya miaka yote kwa pamoja kabla ya kusafiri. Miaka mitatu ni pauni 3,105. Wanaokwenda kwa viza ya wahudumu wa afya na walezi hawalipi ada hiyo. Muuguzi wa hapa anayeambiwa na wakala alipe ada hiyo kwa viza ya aina hiyo anapaswa kusimama na kuuliza pesa zinakwenda wapi.

*Uswisi.* Zurich, Geneva, Basel na Bern zote zilikuwa ndani ya kumi bora za Mercer mwaka 2024. Mshahara ni mkubwa, lakini kila mkaazi hulazimika kununua bima ya afya yeye mwenyewe ndani ya miezi mitatu tangu kuwasili, na hulipiwa kila mwezi.

Ghuba: mshahara mkubwa na mshahara unaobaki

Watu wengi wa Pwani wanaotafuta kazi ng'ambo huelekea Ghuba, na huko hesabu ina sura yake.

Sarafu nyingi za huko zimefungwa kwa dola. Dola moja ni dirham 3.6725 za Falme za Kiarabu, riyali 3.75 za Saudia na riyali 3.64 za Qatar. Rial ya Oman huzidi dola mbili na nusu. Maana yake ni kwamba anayelipwa kwa dirham ni kama analipwa kwa dola, na kinachoyumba ni shilingi ya nyumbani. Aliyetuma dirham 1,000 Januari 2024, dola ikiwa shilingi 160, familia yake ilipata takriban shilingi 43,500 kabla ya ada. Dola ilipokuwa 130, dirham zilezile 1,000 zilileta takriban shilingi 35,400. Karibu shilingi 8,000 zilipotea kila mwezi bila yeye kukatwa mshahara. Familia iliyopanga karo na chama kwa hesabu ya Januari ilibaki na pengo.

Sasa chukua ofa mbili za Dubai. Namba hizi ni za mfano tu, tukihesabu dola kwa shilingi 130.

Ofa ya kwanza ni dirham 4,000, na kila kitu unajitegemea. Tuseme kitanda ni 900, chakula 800, nauli 300 na simu na mengineyo 150. Jumla ni 2,150, na zinabaki 1,850, ambazo ni takriban shilingi 65,500.

Ofa ya pili ni dirham 3,000, mwajiri akitoa malazi, chakula na usafiri. Tuseme unatumia 350 kwa simu na mahitaji madogo. Zinabaki 2,650, ambazo ni takriban shilingi 93,800.

Ofa yenye mshahara mdogo imeacha takriban shilingi 28,000 zaidi kila mwezi. Kijiweni, anayesema "napata laki na arubaini" ndiye atakayesifiwa, lakini wa ofa ya pili ndiye atakayejenga mapema.

Sheria ya Qatar yenyewe hukubali mantiki hiyo. Tangu Machi 2021 mshahara wa chini kabisa ni riyali 1,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wote, wakiwemo wa kazi za nyumbani. Mwajiri asiyetoa malazi hulazimika kuongeza riyali 500, na asiyetoa chakula huongeza 300. Ukipewa mkataba wa Qatar wa riyali 1,000 pasipo malazi wala chakula, tayari kuna riyali 800 zako ambazo hazijaandikwa.

Angalia pia ushuru wa bidhaa. Saudia ilipandisha VAT kutoka asilimia 5 hadi 15 Julai 2020. Falme za Kiarabu na Oman hutoza asilimia 5. Kwa anayejinunulia chakula, tofauti hiyo huonekana.

Kwa wenye nyumba wa hapa kwetu

Mwenye nyumba anayepangisha mgeni kwa dola hujikinga shilingi inaposhuka, na hilo halina lawama. Lakini ajue kwamba shilingi ikipanda, kama ilivyofanya 2024, dola zilezile humletea shilingi chache, ilhali fundi, mlinzi na bili ya stima hulipwa kwa shilingi. Mkataba wa shilingi wenye kifungu cha kupitia kodi kila mwaka huweza kumfaa zaidi ikiwa gharama zake zote ziko hapa.

Kubwa zaidi ni kupanga bei ya mtaa mzima kwa kumwangalia mgeni. Marupurupu ya nyumba ya mtaalamu aliyetumwa na kampuni hulipwa na kampuni hiyo, na mara nyingi hayatoki mfukoni mwake. Mwalimu au muuguzi wa hapa hushindana naye kwa nyumba hiyohiyo akiwa na mshahara wa shilingi uliokatwa PAYE. Kodi ikifuata kipimo cha mgeni pekee, wanaofanya mji uende watasukumwa mbali na mahali wanapofanya kazi, na nauli ya kurudi kazini itakuwa gharama nyingine juu yao. Isitoshe, mgeni huondoka mkataba wake ukiisha. Nyumba iliyokaa tupu miezi minne haina faida mbele ya ile iliyolipiwa miezi kumi na miwili kwa bei ya wastani.

Maswali kabla ya kusaini

Anayepewa ofa ya kazi nje, popote pale, apate majibu ya maswali haya kwa maandishi:

1. Malazi, chakula na usafiri ni juu ya nani? Kama ni juu ya mwajiri, limeandikwa kwenye mkataba au limesemwa kwa mdomo tu?
2. Bima ya afya, viza na kibali cha kazi hulipiwa na nani, na je, hukatwa kwenye mshahara baadaye?
3. Mshahara uliotajwa ni kabla ya makato au baada yake?
4. Nitahitaji pesa kiasi gani mkononi hadi mshahara wa kwanza uingie?
5. Tiketi ya kurudi nyumbani ni ya nani, na baada ya muda gani?
6. Nikituma kila mwezi, dola ikishuka shilingi 20 au 30, familia itamudu?
7. Wakala huyu ana leseni? Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ndiyo inayosajili mawakala wa kazi nchini, na jina la wakala linaweza kuhakikiwa huko kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Baada ya majibu hayo, chukua karatasi uandike mshahara juu, toa kila kinachotoka, na ubadilishe kinachobaki kuwa shilingi kwa bei mbili: ya leo, na nyingine iliyo chini kidogo. Mpigie simu mtu wa kwenu anayeishi mji huo na anayelipwa kiasi kinachokaribia chako, umuulize kitanda, chakula na nauli ni kiasi gani mwezi huu. Bei atakazokutajia zitakufaa kuliko nafasi ya mji huo kwenye orodha yoyote.